Tangazo la Mara ya Tatu

Mountain View, Nairobi
Jumapili, 4 Februari 2024

Dada yangu Virginia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeanza kukutii. Msalimie binti yako Becky na watoto. Mwambie kahawa aliyotuma Krismasi ilifika, nami nainywa ingawa daktari ameikataza.

Mimi nipo. Masikio yamekwisha kabisa, ndiyo maana simu yako naiacha ilie. Binti yangu Janice ameniwekea ile ya kuandikiana kwa kidole gumba, lakini mtu aliyefundisha watoto insha kwa miaka thelathini na minne hawezi kuanza kuandika "uko aje" akiwa na miaka themanini na sita. Kwa hiyo Janice, aliyetoka Kilimani kuja kuniona leo, atachukua barua hii na kuipeleka mjini, kwenye ofisi ya vifurushi ya mabasi ya Kitale. Anasema ni kama kutuma mbuzi.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Alimwambia Janice, si mimi, lakini alisahau kwamba kiziwi husoma midomo.

Habari za kanisa ni nyingi. Mwaka huu tunatimiza miaka sitini tangu tulipoanza chini ya mabati, na Jubilei itakuwa Agosti. Kamati imeamua kuuita ukumbi mpya kwa jina langu. Sababu waliyoandika kwenye kumbukumbu za mkutano ni hii: "Kwa uaminifu wa Mwalimu Zachariah Waithaka katika usomaji wa matangazo." Unajua wananiita Mzee wa Matangazo. Kwa miaka hamsini sikuruka hata moja. Nimetangaza miavuli iliyopotea, mikutano ya akina mama, siku ya kupima presha za wazee wa Kangemi, gari lililoziba lango. Watu walisinzia, lakini hakuna aliyewahi kulalamika kwamba tangazo lake halikusomwa.

Sasa kwa kuwa siwezi kwenda kanisani, kanisa linakuja kwangu. Kila Alhamisi Kamati ya Kutembelea Wagonjwa hufika, watu wanane, wakiongozwa na Peres, yule mama aliyekuwa muuguzi. Kamati hiyo niliianzisha mimi mwaka 1986 na kanuni zake saba niliziandika kwa mkono wangu. Ya kwanza: wageni wasikae zaidi ya dakika arobaini. Ya pili: wasile chakula cha mgonjwa. Hiyo wameisahau. Ya nne wanaikumbuka vizuri: "Mgonjwa akianza kueleza mambo ya zamani, azuiwe kwa upole, kwa wimbo, asije akachoka."

Juzi nilimwambia Peres kuna jambo la zamani nataka kulisema. Akanishika mkono, akasema, "Pumzika tu, Mwalimu," na wote wakaanza kuimba. Beti sita.

Jambo lenyewe linakuhusu. Nilikusudia kuliandika hapa lakini ukurasa umekwisha, na Janice amekwisha kuvaa viatu.

Kaka yako,
Zachariah


Kitale
Jumatatu, 11 Machi 2024

Kaka Zachariah,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Barua yako ilikaa kwenye ofisi ya mabasi wiki mbili kwa sababu uliandika kwenye bahasha "Kwa Bi. Virginia" bila namba ya simu, na yule kijana wa vifurushi alidhani ni bidhaa.

Goti halijanitii. Tumelima, mvua bado. Ng'ombe mmoja amezaa dume, kwa hiyo Becky amenuna. Tarehe mbili tulimfanyia Kisilu ibada ya kumbukumbu ya miaka kumi. Mume wangu hakupenda ibada ndefu, nasi tulimheshimu kwa kuifanya fupi kuliko ile aliyofanyiwa alipokuwa hai kwenye kustaafu kwake.

Hongera kwa ukumbi. Ni jambo kubwa mtu kupewa jengo kwa sababu ya kusoma kwa sauti.

Kuhusu jambo ulilosema. Kama ni mashine ya kushonea ya Mama, ikae kwako, mimi sishoni tena. Kama ni Biblia ya Baba, mpe Janice. Kama ni kitu kingine, sikuulizi. Una kalamu na una karatasi, na ukurasa ukiisha hugeuzwa. Wewe wajua kugeuza kurasa.

Kanzu yako nyeupe ya kusomea bado unayo?

Nakuombea,
Virginia


Mountain View
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Virginia mpendwa,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako yote, pamoja na yule ndama dume, ambaye hakuchagua.

Kanzu ninayo. Janice aliipeleka kwa dobi mmoja wa Kilimani, ikarudi ndani ya karatasi ya nailoni ikiwa na mikunjo mahali ambapo kanzu haina mikunjo. Nataka kuzikwa nayo, ndiyo maana nailinda. Umeniuliza, nami najua kwa nini umeuliza, kwa hiyo leo ukurasa nitaugeuza.

Kwanza nilijaribu kumwambia vika. Vika wetu sasa ni mama, Kasisi Jacklyne Naliaka, kutoka Bungoma, mtu mwema mwenye haraka. Alikuja kunipa Ushirika Mtakatifu. Nilimwambia nataka kuungama dhambi niliyoitenda kanisani, mbele ya watu, mwaka 1971. Akatoa simu yake, akaniita babu kwa lugha yetu, "Guka, ngoja nirekodi, hii ni historia." Nilieleza nusu saa. Wiki iliyofuata Janice alinionyesha rasimu ya kijitabu cha Jubilei: "Mwalimu anakumbuka jinsi ndoa zilivyotangazwa zamani kwa utaratibu mkali." Kuna na picha yangu.

Kwa hiyo naandika kwako, mahali nilipopaswa kuanzia.

Unakumbuka Novemba 1971. Ulikuwa unaishi nami katika nyumba ya walimu, ukifundisha darasa la pili. Joash Obuya, seremala wa reli, alikuwa amekuposa. Baba alinung'unika kwa sababu kijana ametoka Kisumu, miaka ile watu walivyokuwa, lakini alikuwa amekubali. Arusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 27. Kanisa letu lataka ndoa itangazwe Jumapili tatu, ili mwenye kizuizi apate nafasi ya kusema. Tarehe 7 niliisoma. Tarehe 14 niliisoma. Tarehe 21 Kasisi Mwaura alikuwa Kabete, ibada ilikuwa yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Nilisimama kwenye meza ya kusomea ambayo Joash mwenyewe aliitengeneza kwa mbao za mvule, nikalifungua Daftari la Ndoa, nikasoma ndoa ya kwanza, nikasoma ya tatu. Yenu ilikuwa katikati.

Kasisi Mwaura alikuwa mtu wa sheria. Mara mbili si tatu, akasema, msifunge ndoa mpaka isomwe tena. Watu wa Joash walikuwa wamekwisha kupanda treni. Walipofika na kuambiwa wangoje wiki nyingine, babake alisema, "Kama hamtutaki, mngetuambia tukiwa nyumbani." Likizo ya Joash ikaisha, reli ikamhamishia Tabora.

Niliwaambia wote kwamba kurasa zilinata. Ilikuwa msimu wa mvua, mabati yalivuja, kila mtu aliamini.

Hazikunata. Nilizigeuza mbili kwa makusudi.

Kwa miaka mingi nilijiambia nilifanya hivyo kwa ajili ya Baba. Baadaye nikajiambia nilikuhurumia, kwamba ungeteseka ugenini. Sasa sina nguvu za kutunza sababu nzuri. Ukweli ni kwamba asubuhi ile uliniletea kanzu yangu, umeipiga pasi kwa makaa, kola imesimama, na nilipoivaa nikawaza: Jumapili ijayo nani ataipiga? Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, sina mke, na sikujua kupika hata uji. Ni hilo tu. Nilikuharibia arusi kwa sababu ya kola.

Februari ukaondoka kwenda kufundisha Kitale, na kanzu nikaanza kuipiga mwenyewe. Niliiunguza kwapani mara ya kwanza. Alama ipo hadi leo, dobi wa Kilimani ameshindwa nayo.

Nataka kuyasema haya yote siku ya Jubilei, mbele ya kanisa zima. Nimeahidiwa dakika tatu za kuwasalimu Wakristo. Lakini kwanza nakuomba unisamehe.

Zachariah


Kitale
Ijumaa, 17 Mei 2024

Kaka,

Mvua ilikuja, ikaja tena, ikabeba daraja la kwenda sokoni. Mahindi yamesimama vizuri upande wa juu. Goti vile vile. Becky amepandishwa cheo shuleni na sasa ananuna kwa Kiingereza.

Barua yako niliipata tarehe mbili Aprili. Sikujibu mapema kwa sababu sikutaka.

Nilikuwepo kanisani siku ile, Zachariah, safu ya tatu, upande wa wanawake. Tangu ukiwa kijana ulikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kugeuza ukurasa. Mama alikukanya, hukuacha. Siku ile ulilamba kidole, ukageuza, ukatazama. Kisha ukakilamba tena na kugeuza tena. Kurasa zilizonata hazilambiwi mara mbili. Kwa hiyo jambo unaloungama nimelijua kwa miaka hamsini na miwili. Nilichokuwa sijui ni habari ya kola. Hiyo nimeisoma, nikaiweka barua chini, nikaenda kukamua.

Utaniuliza kwa nini sikusimama na kusema, "Kaka, umeruka." Miaka ile mwanamke hakusimama kumsahihisha msomaji, na msomaji alikuwa ndugu yake, na wageni walikuwapo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba nilikungoja wewe. Nilidhani utaona aibu kabla ya wimbo wa mwisho. Wimbo ukaisha. Nikadhani jioni. Jioni ulikula viazi ukasema vina chumvi kidogo.

Joash aliniandikia mara tisa kutoka Tabora. Barua ya tisa ilisema ameoa. Alifariki mwaka 2009, nilisoma gazetini. Nilipata mume mwema, sikulilia maisha yangu, na usije ukamwambia yeyote kwamba uliniharibia maisha. Uliniharibia arusi. Wewe mwenyewe umetumia neno sahihi.

Sasa sikiliza. Usiungame mbele ya kanisa. Nawajua. Watasema, "Tazama unyenyekevu wa mzee huyu," watakupigia makofi, na ukumbi utaongezewa ghorofa. Nami nitakuwa mfano katika mahubiri.

Nataka kitu kimoja. Kazi uliyopewa ilikuwa kusoma mara tatu. Ulisoma mara mbili. Soma ya tatu.

Kuhusu kusamehe sijaandika kitu, na usitafute katikati ya mistari.

Virginia


Mountain View
Alhamisi, 22 Agosti 2024

Dada yangu,

Salamu. Janice ananiandikia bahasha, na namba yako ya simu ameiweka pande zote mbili. Vidole vyangu havishiki kalamu vizuri siku hizi, kwa hiyo uvumilie herufi.

Nilimwomba vika ruhusa Juni. Alinisikiliza, kisha akasema kwa upole kwamba tangazo la ndoa hufa likikaa miezi mitatu bila ndoa. Nikamwambia hili limekaa miaka hamsini na mitatu kasoro kidogo. Akauliza kama wahusika wapo tayari. Nikasema bwana arusi amefariki. Akaandika kitu kwenye simu yake. Baadaye Janice aliniambia kwamba vika alikuwa akimuuliza yeye kama natumia dawa mpya.

Kwa hiyo sikuomba tena ruhusa. Lile daftari la zamani limo katika kabati la kumbukumbu, na waliliweka kwenye meza ya maonyesho ya Jubilei, kati ya kengele ya kwanza na viatu vya Kasisi Mwaura.

Jumapili tarehe 18 walinibeba kwa kiti. Askofu alikuwapo. Hema lilijaa hadi barabarani. Walimaliza kukata utepe wa ukumbi, wakanileta kwenye meza ya Joash. Bado imara, Virginia. Nilishika kingo zake kwa mikono miwili, na isingekuwapo ningeanguka. Nilikuwa nimemwomba Janice aliweke daftari juu yake. Alidhani ni kwa ajili ya picha.

Nililamba kidole. Nikafungua pale pale, nikasoma:

"Natangaza ndoa kati ya Joash Obuya, kapera, wa kanisa hili, na Virginia Waithaka, mwanamwali, wa kanisa hili. Ikiwa mmoja wenu anajua sababu au kizuizi cha haki kwa nini watu hawa wawili wasiunganishwe katika ndoa takatifu, aseme sasa. Hii ni mara ya tatu."

Kisha nikanyamaza, kama sheria inavyotaka. Siwezi kusikia, lakini niliona. Akina mama wa nyuma walipiga vigelegele, midomo ilionyesha. Vijana walitazamana wakiuliza Virginia ni nani. Mtu mmoja alikuwa anaandika tarehe. Hakuna aliyesimama.

Nikasema, "Kizuizi kilikuwa mimi." Najua ulinikataza. Lakini nafasi ya kusema kizuizi ilikuwa imefunguliwa, na mimi nilikuwa mshirika kama wengine.

Usiwe na wasiwasi. Wambua, anayeshughulikia vipaza sauti, alidhani nimemaliza, akakizima changu. Na Peres alikwisha kuinuka. Aliniona mzee ameanza mambo ya zamani, akanyoosha mkono, na kwaya ikaanza. Kanuni ya nne, Virginia. Watu elfu moja waliniimbia. Halafu wakapiga makofi, kama ulivyosema.

Aliyesikia ni vika peke yake, aliyekuwa amenishika kiwiko. Jana alikuja nyumbani bila kamati na bila simu. Hakuanza kwa sala. Alivuta kiti karibu na uso wangu ili niuone mdomo wake, akauliza, "Virginia ni nani, Guka?"

Nikamwambia yote, pamoja na kola. Alikaa saa mbili. Hakuimba. Alipokuwa anaondoka alisema kijitabu cha Jubilei kimekwisha kuchapwa, hawezi kukibadilisha, lakini kanuni ya nne ataifuta.

Kasoro moja. Akina mama wamekuja kumuuliza Janice arusi ni lini, ili wapange vyakula.

Pumzi inakatika nikiandika. Nimefanya ulichotaka, ingawa nimeongeza maneno matatu. Sikuulizi lile jingine.

Kaka yako,
Zachariah


Kitale
Jumamosi, 24 Agosti 2024

Kaka Zachariah,

Hapa wote wazima. Janice alinipigia simu kabla barua yako haijafika, akaniuliza kwa adabu kama naolewa. Nilimwambia tangazo limesomwa mara tatu na hakuna kizuizi, asubiri.

Barua imefika leo asubuhi. Safari hii haikukawia, kwa sababu yule kijana wa vifurushi sasa ananijua. Nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale stendi. Nimerudia mahali pa tangazo. Ulifanya vizuri kusema "kapera" na "mwanamwali". Ndivyo tulivyokuwa.

Maneno matatu uliyoongeza nimeyaona. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekata alama, kwa kutofuata maagizo.

Nimenunua tiketi. Baada ya tangazo la tatu arusi huwa ni Jumamosi inayofuata, na hiyo ni leo, lakini goti langu na basi la leo havikupatana, kwa hiyo nitafika Jumanne. Mwambie Janice asije na gari lake mjini kati, nitamngoja upande wa Westlands ambako nitaweza kukaa.

Mwambie pia asiipeleke ile kanzu tena kwa dobi. Aitoe kwenye nailoni aitundike. Pasi ya umeme iwepo, na kitambaa cha pamba, na maji kidogo kwenye bakuli. Hapo kwapani penye alama nitajua la kufanya.

Sijasema nimekusamehe. Nimesema nitakuja kupiga pasi. Kola itasimama.

Ningoje.

Virginia